Pushapu Ishirini Mbele ya Lango la Mulwa

Kibwana alikuwa na shikamoo kwa kila mtu mzima wa Tiwi, hata kwa walevi, hata kwa yule mama aliyemtukana mamake harusini mbele ya wageni. Mulwa peke yake ndiye aliyenyimwa. Kwa umri Mulwa angeweza kumzaa, lakini walipokutana njiani Kibwana alifunga mdomo akatazama juu, kana kwamba anakagua nazi zilizokomaa, na Mulwa naye alitema mate pembeni, si mbali sana na mguu wa Kibwana. Hivyo ndivyo walivyoamkiana miaka yote ile, na kusema kweli hakuna kati yao aliyetaka mambo yabadilike.

Chuki yao ilianzia kwenye minazi. Mjombake Kibwana aliuza shamba lake kwa Mulwa, akahamia Mkongani, na pesa zikamwishia huko huko. Mulwa alikuwa Mkamba aliyestaafu jeshini na kupata kazi ya ukuu wa walinzi katika hoteli moja ya Diani. Alinunua akiamini kwamba amenunua kila kilichosimama juu ya ardhi ile, maana kwao ukinunua shamba umenunua na mti na kivuli chake. Huku pwani si hivyo. Ardhi yaweza kuwa ya huyu na minazi ikawa ya yule, na minazi ya pale ilikuwa ya Bi Mbeyu, mamake Kibwana, aliyepewa na babake mbele ya mashahidi kabla kakake hajafikiria kuuza hata ufito. Mulwa alipoambiwa hivyo alicheka. Alipoitwa kwa chifu akaambiwa tena, kicheko kilimwisha. Alizungusha seng'enge, akatia lango la chuma, na chifu akamwamuru alifungue lango hilo kila nazi zinapokomaa ili mkwezi wa Bi Mbeyu apite.

Mkwezi wa Bi Mbeyu, bila shaka, alikuwa Kibwana.

Kukwea ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa moyo. Shule aliiacha siku mwalimu alipomwita mvivu. Siku hiyo alikwea mnazi wa shule akakaa kileleni mpaka jua likachwa, na tangu hapo hakurudi darasani. Mke alioa, na mke akarudi kwao Msambweni akisema njaa angeivumilia, mdomo wa Kibwana hauvumiliki. Kilichobaki ni mikono. Mikono ile ilikuwa na nguvu za kutisha, imejaa makovu kuanzia kiganjani hadi begani, na aliitembeza kijijini nje ya mikono ya shati ili asiwepo wa kusema hakuiona.

Na katika minazi ile, mmoja ulikuwa wake kuliko mingine. Babu aliupanda alipozaliwa Kibwana, akazika kitovu chake chini ya mche, akasema mti na mtoto wakue pamoja. Sasa ulikuwa umesimama hatua chache tu kutoka dirisha la jikoni la Mulwa. Kibwana kila akiukwea alikawia kileleni. Alitazama mabati ya Mulwa kwa chini, mkewe Mulwa akianika nguo, Mulwa mwenyewe akijifanya hamwoni, na moyo wake ulijaa raha. Haikuwa raha nzuri. Ilikuwa raha ya mtu aliyekalia kiti cha adui yake akijua hawezi kutolewa.

Siku moja aliangua nazi moja kwa pupa, ikapiga kona ya mabati mapya. Kama ilikuwa bahati mbaya au kusudi, Kibwana alilijibu swali hilo kwa namna mbili tofauti, kutegemea nani anauliza.

Jioni hiyo hiyo Mulwa alimkuta kibandani kwa Baya, wanapokunywa chai na viazi karai wanaume wenye kazi na wasio na kazi. Hakuketi.

"Wewe kijana," alisema, "mabati yangu ilikukosea nini?"

"Nazi haina macho," Kibwana akajibu. "Ungejenga mbali na minazi ya watu."

"Minazi ya watu! Iko kwa shamba yangu. Wewe kupanda juu kama kima, kila mtu anaweza. Hiyo si nguvu. Nguvu ni ya mwanaume aliyefunzwa."

Kibwana angenyamaza, yangeishia hapo. Lakini alitazama kiuno cha Mulwa, akawatazama wenzake, akasema kwa sauti ya watu wote, "Mwanaume aliyefunzwa nini, kubeba mimba? Hilo tumbo litazaliwa lini, tulete ubani?"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mulwa hakucheka wala hakukasirika. Alivua saa, akamkabidhi Baya, akajilaza kifudifudi kwenye sakafu ya saruji na kupiga pushapu ishirini. Alizipiga taratibu. Alishuka mpaka kifua kikagusa saruji, akapanda mpaka viwiko vikanyooka, na kutoka kisigino hadi kisogo hakukuwa na mahali palipopinda. Lile tumbo lililochekwa halikuning'inia hata mara moja. Alipomaliza aliinuka, akadai saa yake na kusema, "Sasa kima apige."

Kibwana alikwenda chini kwa kishindo. Mtu anayejivuta juu ya minazi tangu utotoni, atashindwaje kujiinua kutoka sakafuni? Tatizo ni kwamba mikono ile ilizoea kuvuta, na sasa iliambiwa isukume. Za kwanza alizipiga mbiombio, nusu nusu, viwiko vimepanuka, makalio yako juu na kichwa kinagonga hewa. Kisha kiuno kikaanguka kabla ya kifua. Ya sita haikupanda. Alibaki pale akitetemeka na shavu likiwa kwenye makombo ya viazi, na watu waliomchekea Mulwa wakamchekea yeye, kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo alipofanya ujinga ambao hata mimi, ninayempenda, sitamtetea. Aliinuka na vumbi usoni akapiga kelele, "Kabla ya Maulidi nitazipiga ishirini, mbele ya lango lako, na wewe uhesabu! Nikishindwa, wallahi, mguu wangu hautakanyaga tena ndani ya ua wako!"

Baya aliacha kumimina chai. Mulwa alivaa saa yake polepole. "Mmesikia," aliwaambia watu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Tiwi akatabasamu.

Bi Mbeyu alizipata habari kabla mwanawe hajafika nyumbani. Alimngoja mlangoni na mwiko mkononi.

"Ile minazi ni ya nani?" aliuliza.

"Yako, mama."

"Nani alikupa ruhusa ya kuiapia?"

"Sikuiapia minazi, mama. Niliapia mguu."

"Na minazi inakwewa kwa nini, kwa masikio?" Alimpiga mwiko mmoja wa bega, mwanamume mzima, naye akasimama akaupokea. "Wakwezi wengine wananitoza nazi kwa kila mti. Na ule wenye kitovu chako, mpumbavu wewe, utautazama kutoka barabarani mpaka ufe?"

Hilo Kibwana hakuwa amelifikiria. Usiku ule hakula. Kafara ya kiapo ipo, na Mungu ni mwingi wa kusamehe. Lakini kina Baya kule kibandani si wengi wa kusamehe, na Mulwa hasamehi kabisa.

Akaanza mazoezi uani kwao, upande wa pili wa seng'enge. Kila asubuhi alijitupa chini kwa hasira, akapiga mbili tatu mbovu na kuanguka. Alidhani hasira itatosha, kwa kuwa alikuwa nayo nyingi. Wiki ya kwanza ilimpa maumivu ya kiuno na hakuna zaidi.

Mulwa alikuwa akinywa uji wake kwenye kibaraza, tayari amevaa sare, akimtazama. Mtu mwenye akili angenyamaza, maana adui alikuwa anajishinda mwenyewe. Lakini Mulwa aliwanyoosha makuruta kwa miaka mingi, na kuna mambo ambayo macho yake hayakuweza kuyapita. Pushapu mbaya ilimuudhi kuliko nazi juu ya mabati.

"Hiyo nini unafanya?" alifoka siku moja, akiwa na kikombe mkononi. "Nyoka anakufa?"

"Hayakuhusu!"

"Mikono chini ya mabega! Unaiweka mbele ya kichwa kama mtu anaomba chakula! Viwiko karibu na mbavu! Kaza matako! Kaza tumbo! Wewe hata chini hufai. Anza ukutani, kama mwanamke mjamzito!"

Kibwana alimrushia tusi ambalo halifai kuandikwa. Mulwa alilijibu kwa Kikamba, akamaliza uji wake akaenda kazini.

Kibwana alisubiri mpaka sare ile ikapotea kwenye kona. Akaenda nyuma ya choo, ambako hata mamake hakuweza kumwona, akaweka viganja ukutani na kusukuma. Alikaza matako. Alikaza tumbo. Alishuka taratibu na kupanda taratibu, na mara moja akahisi misuli ya kifua iliyokuwa imelala tangu azaliwe inaamka na kulalamika. Alimchukia Mulwa siku hiyo kuliko siku zote. Mtu anaweza kuvumilia adui mwongo. Adui anayesema kweli hana dawa.

Kutoka ukutani alihamia ukingo wa kisima, ambao humfika mtu kiunoni. Kutoka kisimani alihamia kinu cha mamake alichokilaza na kukibana kwa mawe, mpaka Bi Mbeyu alipokitaka kinu chake. Kisha akapiga chini kwa magoti, kisha chini bila magoti, chache, nzuri, akipumzika siku moja na kupiga siku nyingine. Kila hatua kati ya hizo ilitoka upande wa pili wa seng'enge, imefungwa ndani ya matusi. "Magoti chini kwanza, shingo ya kobe wewe!" "Unashuka kama gunia! Kushuka ndiko kunakojenga, pumbavu, shuka polepole!" "Usipige kila siku, unataka mikono ife?" Kibwana hakujibu kwa mdomo ila kumtukania mababu. Alijibu kwa kufanya vilevile, wakati Mulwa hayupo.

Mara moja tu Mulwa alisahau kwenda kazini kwa wakati. Kibwana alikuwa chini, hakujua kwamba anatazamwa, akapiga kumi safi mfululizo. Alipoinua kichwa alimwona mzee ameshika waya wa seng'enge kwa mikono miwili, midomo ikitembea kimyakimya, anahesabu. Macho yao yalikutana. Mulwa akaachia waya kama umemchoma, akatema mate.

Siku ya mwisho kabla ya Maulidi ilifika. Baada ya swala ya alasiri watu walijaa njiani mbele ya lango la chuma, hata wengine kutoka Ukunda wasiojua kisa chake. Bi Mbeyu alikuja na kanga mbili na uso uliofungwa, akasimama peke yake. Mulwa alitoka na kifuu cha nazi, akakifudikiza mchangani.

"Kifua kiguse hiki," alisema. "Kisipogusa, haihesabiki. Mgongo ukipinda, haihesabiki. Na mimi siibi, wala sitoi zawadi."

Alijilaza pembeni, shavu kwenye mchanga, aone vizuri.

Kibwana aliweka mikono chini ya mabega, akaanza. Moja. Mbili. Ya tatu Mulwa alisema haihesabiki, kifua kimekosa kifuu kwa upana wa kidole, na watu wakazomea. Kibwana hakubishana. Alijua kwamba kilikosa. Alirudia. Akafika kumi, na jasho likawa linadondokea kifuu. Akafika kumi na tano, na mikono ikaanza kutetemeka. Kumi na saba. Kumi na nane. Umati ulikuwa unahesabu naye, sauti juu ya sauti ya Mulwa. Ya kumi na tisa alipanda akiwa ameng'ata meno, na mwili wote ukiwa umenyooka.

Ya ishirini alishuka vizuri, akagusa kifuu, akasukuma. Kifua kilipanda. Kiuno kilibaki nyuma, kikaning'inia, kisha kikafuata. Viwiko vikanyooka.

"Ishirini!" watu walipiga kelele. Wakamwinua kwa makwapa, Baya akamkumbatia, mtu akapiga kigelegele kama harusini.

Mulwa aliinuka akikung'uta mchanga kwenye suruali. Watu walimngoja aseme. Alimtazama Kibwana tu, tena kwa macho ambayo Kibwana hakuwahi kuyaona usoni pale, macho ya upole, ya mtu aliyekwisha amua kuliachia jambo lipite.

Kibwana aliuona upole ule. Angevumilia kushindwa na Mulwa. Angevumilia hata kuonewa na Mulwa, hilo angelisimulia kibandani mpaka uzee. Lakini kusamehewa na Mulwa! Kuingia kwenye ule ua kila msimu, kukwea mnazi wa kitovu chake, na chini yake amesimama mtu anayejua kwamba alimpa zawadi!

Aliwasukuma waliomshika. "Ya mwisho haihesabiki," alisema.

"Wewe mwendawazimu!" Baya alimfokea. "Mwenyewe hajasema kitu!"

"Kiuno kilianguka. Haihesabiki."

Akarudi chini. Alishuka polepole, kama alivyofunzwa kwa matusi, akagusa kifuu na kusukuma kwa yote aliyokuwa nayo. Hakuinuka hata shubiri. Alikaa pale mpaka mikono ikafunguka yenyewe na kifuu kikavunjika chini ya kifua chake.

Bi Mbeyu aligeuka akaenda zake. Mulwa aliingia ndani na kufunga lango, taratibu, bila kulipiga.

Siku zilizofuata mama na mwana hawakusemezana. Chakula alipewa, lakini kiliwekwa mezani na mtu aliyempa kisogo. Kibwana alikwea minazi ya watu wengine na kurudi. Hakutazama upande wa seng'enge, na asipotazama, alisikia. Nazi zilikuwa zimekomaa na sasa zilidondoka zenyewe, ikianguka moja juu ya mabati ya Mulwa unarukwa na roho. Syovata, mkewe Mulwa, alianza kuanika nguo akiwa amejifunika sufuria kichwani. Mulwa alitafuta mkwezi mwingine kila mahali hadi Msambweni, asimpate, kwa sababu Bi Mbeyu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema atakayegusa nazi zake bila idhini yake ni mwizi, na mwizi atamtaja kwa jina.

Mwisho Bi Mbeyu alikwenda mwenyewe kwa Mulwa. Alibisha lango, akapita bila kukaribishwa, akasimama chini ya mnazi ulio karibu na jikoni.

"Mzee Mulwa," alisema, "aliyeapa ni yeye, si mimi. Nazi ni zangu na nazitaka chini leo."

"Lete mkwezi, mama. Mimi sijafungia mtu."

"Mkwezi wangu ulimtega kibandani, ukijua kichwa chake ni chepesi. Basi kwea wewe. Si ndiwe mwanaume aliyefunzwa?"

Syovata alicheka nyuma ya dirisha. Hilo ndilo lililomponza Mulwa. Alivua shati, akavua saa, akalikumbatia shina la mnazi kwa mikono na miguu na kuanza.

Kibwana alisikia kelele akatoka. Alikwenda mpaka kwenye seng'enge, vidole vya miguu vikasimama hapo hapo waya ulipoishia, visivuke. Aliuona mnazi wake. Aliuona umekumbatiwa na mtu anayeukwaruza kwa tumbo, miguu ikitafuta pa kukanyaga na isione alama za ngazi alizozichonga babu, zilizokuwa mbele ya pua yake. Mikono ile iliyojua kusukuma ilitakiwa sasa ivute. Mulwa alipanda kimo cha mtu, akatetemeka, akaanza kuteleza na kuacha ngozi ya kifua kwenye gamba.

Mtu mwenye akili angekaa kimya na kufurahi. Kibwana alijaribu. Alijaribu kwa muda wote wa pumzi mbili.

"Magoti nje!" alifoka. "Usiukumbatie, si mkeo! Nyayo kwenye ngazi! Ngazi hizo hapo, kipofu wewe! Sukuma kwa miguu, mikono ni ya kushikilia tu!"

"Haikuhusu!" Mulwa alijibu kutoka kwenye shina, akateleza mpaka chini akakaa kitako.

Alikaa hapo akihema, kifua chekundu. Bi Mbeyu hakusogea. Kibwana alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili, miiba imemwingia viganjani na hana habari. Machozi yalimtiririka kwa hasira na kwa uchungu wa ule mti, na hakujali nani anayaona.

Mulwa aliinuka, akafuta viganja kwenye suruali. Hakutazama upande wa seng'enge. Aliinamia shina, akaitafuta kwa kidole ngazi ya kwanza mpaka akaiona, akaweka unyayo.

"Ile ya kwanza haihesabiki," Kibwana alisema. "Rudia. Magoti nje."

Mulwa alitoa magoti nje.